Nililikuta Ziwa Rukwa Edinburgh

Siku niliyomwambia mama kwamba nakwenda Uskoti, alikuwa barazani anapukuchua mahindi ya mbegu. Hakuinua kichwa. "Huko kuna nini?" Nikamwambia kuna jiji linaitwa Edinburgh, la kale, lina ngome juu ya mwamba na nyumba za mawe ambazo vizazi na vizazi vimezaliwa na kuzikwa kutoka humo. "Na wenyewe bado wamo?" Wamo, nikamjibu, wanapika na kufua humo humo. Akamaliza lile gunzi, akachukua jingine. "Haya, nenda ukaone. Ila usiniletee picha zako umesimama mbele ya vitu."

Agizo hilo nilikwenda nalo safari nzima.

Kasansa iko Halmashauri ya Mpimbwe, mkoani Katavi, chini kwenye Bonde la Rukwa. Upande wa machweo milima ya Lyamba lya Mfipa imejipanga kama ukuta wa boma. Ni nchi ya mpunga, mahindi, karanga na ng'ombe. Wapimbwe ndio wenyeji, Wasukuma wamekuja na mifugo yao, na sokoni kila mtu anajua aanze na lugha gani kwa nani. Gari la alfajiri linapita Mamba na Majimoto, linatokea Kibaoni, kisha linaingia pori la Hifadhi ya Taifa ya Katavi hadi Sitalike, ambapo abiria wote, hata waliopita mara mia, hugeuza shingo kuwatazama viboko wa Mto Katuma. Nililala Mpanda, nikapanda treni ya Kaliua na Tabora, siku zikaenda, nikafika Dar es Salaam.

Kabla ya hapo nilikuwa nimenyimwa viza mara moja. Barua ilisema hawakuridhika kwamba nitarudi nyumbani. Iliniuma. Nina mama, nina shamba la mpunga, nina darasa la kidato cha tatu ambalo nililiacha katikati ya ushairi. Mtu wa namna hiyo asiporudi anakwenda wapi? Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, anasoma shahada ya uzamili Edinburgh na ndiye aliyenialika. Alinipigia usiku. "Shikamoo mjomba. Omba tena. Safari hii ambatanisha na hati ya shamba." Nikaambatanisha.

*

Nilifika katikati ya Oktoba, asubuhi, mvua nyepesi ikianguka kama unga unaochekechwa. Kutoka uwanja wa ndege tulipanda tremu mpaka Princes Street. Niliposhuka nikaona kitu ambacho hakuna picha iliyokuwa imenieleza: jiji lina bonde katikati yake. Upande mmoja ni barabara ya maduka, sawa na tambarare. Upande wa pili ni mwamba mweusi umepanda wima na ngome imekaa juu yake, kisha paa za nyumba ndefu zinateremka kutoka hapo kwenda mashariki kama mgongo wa mnyama. Kati ya pande hizo mbili kuna shimo kubwa la kijani, bustani, na chini kabisa reli.

"Hapo chini palikuwa ziwa," mpwa wangu akasema.

Nikamwomba arudie. Liliitwa Nor' Loch. Kwa karne nyingi lililinda jiji upande wa kaskazini, na jiji nalo likalimwagia kila uchafu. Katika karne ya 18 walipoamua kujenga mji mpya ng'ambo, walianza kulikausha, wakajenga daraja juu ya bonde, na mwishowe pakawa bustani. Mimi ni mtu wa ziwa. Rukwa halina mto unaotoka. Maji yanaingia, jua linayanywa, mwaka huu ukingo uko hapa, miaka kumi baadaye uko kwingine, na wavuvi wanahama nao. Nimezoea ziwa linaloondoka lenyewe. Nilisimama pale na begi mkononi nikajaribu kufikiria watu waliokaa kikao wakaamua ziwa liondoke.

Mji ule mpya na ule wa kale, kwa pamoja, iliwekwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1995. Nilichokipenda mimi ni ule wa kale. Barabara yake kuu, wanayoiita Royal Mile, inateremka kutoka ngomeni hadi kasri la Holyrood, na pande zote mbili inatoa vichochoro vyembamba kama mifupa ya samaki inavyotoka uti wa mgongo. Aliyewahi kupotea Mji Mkongwe wa Unguja hatashangaa, isipokuwa hapa vichochoro vinateremka, na ngazi zake za mawe zimelika katikati kwa nyayo mpaka zimekuwa kama mabakuli. Majina yake ni ya kazi za watu: kichochoro cha soko la nyama, kichochoro cha soko la samaki, kichochoro cha mawakili. Nyumba zilijengwa kwenda juu kwa sababu mwamba ni mwembamba na kuta za ulinzi ziliwabana. Familia juu ya familia, maskini na bwana wakipishana ngazi moja.

Ngomeni watu wanakwenda kuona taji na mizinga. Mimi nilikaa muda mrefu kwenye kanisa dogo la Mtakatifu Margaret, ambalo ndilo jengo la kale kuliko yote jijini. Ni la karne ya 12. Mfalme David wa Kwanza alilijenga kwa kumkumbuka mama yake, Malkia Margaret. Halizidi ukubwa wa chumba cha darasa letu. Nusu ya darasa, hata. Ukuta ni mnene kiasi kwamba dirisha limekuwa pango. Mezani palikuwa na maua mabichi, na mlinzi akatuambia maua hayo huletwa na wanawake wanaoitwa Margaret, wana umoja wao, wanapokezana zamu. Nilipenda sana jambo hilo. Jengo lina karibu miaka 900 na bado kuna mtu ambaye zamu ya maua ni yake.

Tulipotoka, saa saba kamili mchana, mzinga ulipigwa kutoka ukutani. Njiwa wote wa Princes Street waliruka kwa pamoja. Mzee mmoja kando yetu alitazama saa yake ya mkononi, akaizungusha kidogo, akaendelea na njia yake. Mzinga huo umekuwa ukipigwa tangu 1861, ili mabaharia waliotia nanga kwenye mlango wa bahari wa Forth warekebishe saa zao. Jumapili haupigwi.

*

Nafundisha Kiswahili, kwa hiyo niseme wazi kilichonitikisa kuliko ngome. Katikati ya Princes Street umesimama mnara wa mawe wenye urefu wa mita 61, umechongwa kama kanisa lisilo na kuta, na ndani yake ameketi mtu wa marumaru na mbwa wake. Si mfalme, si jenerali. Ni Walter Scott, mwandishi wa riwaya. Alifariki 1832, na wananchi wakachanga fedha wakamjengea. Stesheni kuu ya reli iliyo chini yake inaitwa Waverley, jina la riwaya yake. Timu moja kubwa ya mpira ya jiji, Heart of Midlothian, jina lake linarudi kwenye riwaya yake nyingine. Nilipanda ngazi 287 za mnara huo, zinazunguka ndani ya nguzo nyembamba hadi mabega yanagusa mawe pande zote, na huko juu, upepo ukinivuta koti, nilimfikiria Shaaban Robert.

Shaaban Robert alizaliwa Tanga 1909, akafa 1962, na hakuna aliyekifanyia Kiswahili cha maandishi mengi zaidi yake. Dar es Salaam kuna barabara yenye jina lake na shule yenye jina lake, na ni vizuri. Lakini ni stesheni gani ya reli yetu inaitwa Kusadikika? Ni timu gani ya mpira inaitwa Adili? Wanafunzi wangu wanamjua kama swali la mtihani. Mtoto wa Edinburgh ambaye hajasoma hata ukurasa mmoja wa Scott anashuka treni ndani ya kitabu chake kila siku. Mwaka 2004 UNESCO iliufanya mji huu kuwa wa kwanza kuitwa Jiji la Fasihi, na ukiwa juu ya ule mnara huhitaji kuelezwa sababu.

Chini ya mnara, hatua chache bustanini, kuna sanamu ya shaba ya David Livingstone. Ilichongwa na mwanamke, Amelia Hill, jambo ambalo halikuwa la kawaida zama zile. Huyu tunamjua. Alizaliwa Blantyre, karibu na Glasgow, na mwaka 1872 aliagana na Stanley karibu na Tabora, akashuka kusini kwa mara ya mwisho, akipita nchi zetu hizi za mashariki ya Ziwa Tanganyika. Alifia Chitambo, Zambia ya leo, Mei 1873. Waliokuwa naye, wakiongozwa na Abdullah Susi na James Chuma, walizika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili, wakaufunga kwa magome, na wakaubeba kwa miguu zaidi ya kilomita 1,500 hadi Bagamoyo. Walirudi kwa upande huu huu wetu, mashariki ya ziwa, hadi Tabora, na Februari 1874 wakaufikisha pwani.

Nilimtazama yule mtu wa shaba, nikazunguka nyuma ya sanamu kutazama kama kuna jina jingine. Hakuna.

*

Chakula nakipitia haraka. Uji wa oti wa asubuhi ni uji. Hauna haja ya mkalimani. Haggis, mlo wao wa fahari, ni moyo, ini na mapafu ya kondoo, yamekatwakatwa, yakachanganywa na oti, vitunguu na pilipili manga, yakajazwa kwenye tumbo la kondoo na kuchemshwa. Mpwa wangu alikuwa na wasiwasi kwamba nitakataa. Nilikula nikamaliza. Kwetu akichinjwa mbuzi hakuna kinachotupwa, na walioanzisha mlo huu walikuwa watu wa aina hiyo hiyo.

Jumatatu alinipeleka George Square, kwenye eneo la chuo kikuu chake, na huko njiani tulikuwa kimya kwa sababu wote wawili tulijua tunamfuata nani. Julius Nyerere alifika Edinburgh mwaka 1949. Alikuwa na miaka 27, ametoka kufundisha Tabora, shule ya St. Mary's. Uingereza ilikuwa bado haijapona vita. Nyama na sukari vilikuwa vya mgao. Alisoma historia, uchumi, falsafa, fasihi ya Kiingereza, sheria ya katiba na elimu ya jamii za watu, akahitimu 1952. Miaka miwili baadaye TANU ikazaliwa.

Wakati yeye akipita mitaa hii kwa koti zito, mwaka 1950, ndipo reli ya kutoka Kaliua ilipofika Mpanda. Haikuletwa kwa ajili yetu; ililetwa ichukue madini ya risasi. Lakini ndiyo iliyonileta mimi, na nilimwambia mpwa wangu hivyo tukiwa tumeketi kwenye benchi la bustani ya George Square, majani ya miti ya njano yakianguka miguuni.

"Mjomba, unafikiri alikuwa mpweke?"

Nikamwambia sijui kama alikuwa na nafasi ya upweke. Kisha nikamwangalia vizuri, na nikaelewa kwamba hakuwa anauliza habari za Mwalimu. Ana miaka 26. Saa kumi na mbili jioni kunakuwa giza, Desemba saa kumi. Anapika ugali wa unga anaoununua kwenye duka la Waafrika, na anaula peke yake, akiwa ameweka simu mbele ya sahani ili amwone mama yake. Tukakaa pale zaidi ya tulivyokusudia. Nikamsimulia kwamba mtu aliyekaa hapa akisoma Kiingereza cha Shakespeare ndiye aliyekuja kutupa Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi kwa Kiswahili, akiwa Rais, na kazi nyingi usiku. Jambo hilo alilijua. Alinisikiliza hata hivyo.

*

Sasa nifike kwenye kilichonifanya niandike.

Mashariki ya jiji kuna kilima kinaitwa Arthur's Seat, mita 251, mabaki ya volkano iliyozimika miaka milioni 340 hivi iliyopita. Jina wanalihusisha na mfalme Arthur wa hadithi zao, kama sisi tunavyosema Katavi ni jina la mwindaji ambaye roho yake inakaa kwenye mkwaju kando ya ziwa dogo ndani ya hifadhi, na watu bado wanapeleka sadaka pale. Tulipanda asubuhi yenye jua. Ubavuni mwa kilima kuna magenge ya mawe mekundu, Salisbury Crags, na hapo mwishoni mwa karne ya 18 James Hutton, mzaliwa wa jiji hili, alionyesha jinsi mwamba uliokuwa umeyeyuka ulivyojipenyeza kati ya tabaka za mawe mengine. Kutokana na mawe kama yale alidai kwamba dunia ni ya kale kupita hesabu yoyote iliyokuwa ikikubaliwa. Elimu ya miamba ya leo inamhesabu kuwa baba yake.

Nimekulia karibu na Majimoto. Maji yanayochemka kutoka ardhini bila kuni ni kitu nilichokiona kabla sijajua kusoma. Kwa hiyo nilipogusa lile genge nilihisi kama naligusa jambo la nyumbani, na mpwa wangu, ambaye anasoma mazingira, akaniambia jina ambalo sikuwahi kulisikia likihusishwa na kwetu: Joseph Thomson.

Thomson alikuwa Mskoti wa Dumfriesshire aliyesoma jiolojia katika chuo kikuu hiki hiki. Mwaka 1878, akiwa na miaka 20, aliajiriwa kuwa mtaalamu wa miamba katika msafara uliotumwa na Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia ya London kutoka Dar es Salaam kwenda maziwa ya bara. Kiongozi alikuwa Keith Johnston, mtoto wa familia ya wachora ramani wa Edinburgh. Johnston akafa Behobeho, karibu na Rufiji, kabla hawajafika mbali. Kijana yule akabaki na wapagazi wapatao 150 katika nchi asiyoijua. Alisonga mbele, akafika Nyasa, akafika Tanganyika, na mwaka 1880, akiwa juu ya milima ya Ufipa, akatazama chini akaona ziwa ambalo hakuna Mzungu aliyekuwa ameliona. Akaliita Leopold.

Ziwa hilo ni Rukwa. Bonde alilolitazama ni letu.

Na aliwezaje kufika? Kwa sababu mnyapara wa msafara, mtu aliyejua njia, lugha, hongo za watemi na tabia za wapagazi, alikuwa Chuma. Chuma yule yule. Alizaliwa Myao, akatekwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa 1861, akazunguka na Livingstone miaka mingi, akambeba maiti, na sasa akamwongoza Mskoti wa pili. Thomson alijivuna maisha yake yote kwamba safari ile alirudi pwani bila kupigana vita na mtu. Leo jina lake limo hata kwenye Kiswahili chetu. Tukisema swala tomi tunamtaja yeye. Chuma alikufa Unguja mwaka 1882.

Nilikaa chini juu ya nyasi. Nilikuwa nimetoka Kasansa kuja kutazama historia ya watu wengine.

*

Kesho yake tulikwenda Maktaba ya Taifa ya Uskoti, barabara ya George IV Bridge. Kupata kadi ni bure. Niliomba kitabu cha Thomson cha safari ile, kilichochapishwa 1881. Mama wa makamo, nywele zake za mvi amezifunga kisogoni, alikileta mwenyewe, akakilaza juu ya mito miwili ya sponji ili mgongo wa kitabu usivunjike, na akatandaza kurasa kwa vifuko virefu vyembamba kama mikia ya panya. Nikauliza ndani mna nini, mbona vizito. Vipande vya risasi, akasema. Nikamwambia mkoa wetu ulijengewa reli kwa ajili ya risasi. Akakigeuza kile kifuko mkononi kama anakipima upya.

Nilifungua ramani. Karatasi ilikuwa imeanza kuwa rangi ya chai. Mstari mwekundu wa njia unapanda kutoka pwani, na pale ulipopita nchi zetu nikainama mpaka pumzi yangu ikanitisha, nikajisogeza nyuma. Ziwa limeandikwa Leopold. Hakuna Kasansa, hakuna Majimoto. Yule mama alisimama begani kwangu akauliza kwa sauti ya chini kijiji chetu kipo wapi. Nikamwonyesha kwa kidole bila kugusa: hapa, kaskazini ya ziwa, chini ya milima. Akaleta kipande cha karatasi na penseli, maana wino hauruhusiwi humo, akaniomba niandike. Nikaandika KASANSA kwa herufi kubwa. Akakisoma kimoyomoyo, midomo ikicheza, akakiweka kwenye mfuko wa sweta yake.

Nilisoma hadi wanafunga. Jina la Chuma limo katika kitabu hicho mara nyingi mno, na Thomson anamsifu waziwazi. Haki hiyo nampa. Nilipiga picha za ramani kwa simu, inaruhusiwa.

Tulipotoka kulikuwa na watu wamejaa mwishoni mwa barabara hiyo hiyo, wanapiga picha na sanamu ndogo ya mbwa juu ya nguzo. Pua yake imekuwa ya dhahabu kwa kusuguliwa. Anaitwa Greyfriars Bobby. Wanasimulia kwamba bwana wake alipokufa, mbwa huyu alilinda kaburi miaka 14 hadi naye akafa, 1872. Mwaka uliofuata akawekewa sanamu.

Mwaka uliofuata ni 1873.

Siwafananishi binadamu na mbwa, na sina neno na mbwa yule wala na watoto waliokuwa wakicheka pale. Ila tarehe ilinikaa kooni. Miezi ile ile ambayo mafundi walikuwa wakimchonga Bobby kwa sababu alikaa na maiti ya bwana wake, Susi na Chuma walikuwa njiani na maiti ya Mskoti mabegani, wakipita vinamasi, maradhi na vijiji vilivyoogopa mkosi wa mfu, wakikatiza nchi ambayo leo nalima mpunga. Jumuiya ya Jiografia ya London iliwatengenezea medali. Jiji hili, ambalo linajua kukumbuka kuliko jiji lolote nililowahi kuliona, ambalo lina maua ya zamu kwa malkia wa miaka 900 na mnara kwa mtunga riwaya, linaweza kuongeza majina mawili kwenye ile sanamu ya bustanini. Kuna nafasi. Nimeitazama.

Na sisi? Kutoka Kibaoni hadi Muze, bondeni kwetu, hakuna kibao hata kimoja kinachosema watu hawa walipita upande huu. Hilo halihitaji viza.

Mpwa wangu alinisindikiza hadi uwanja wa ndege. "Msalimie bibi. Mwambie Desemba nampigia kila siku." Alibaki amesimama nyuma ya kioo hadi foleni ikageuka kona.

*

Mpanda nilishukia steshenari moja karibu na stendi, nikamwomba kijana anichapie ile ramani kwenye karatasi kubwa. Wino wake ulikuwa unaelekea kuisha, bahari ikatoka ya mistari, lakini ziwa letu lilitoka vizuri.

Nilimkuta mama barazani. Mahindi ya mbegu yalikuwa yamekwisha pukuchuliwa, yapo kwenye ndoo, yamechanganywa na majivu dhidi ya wadudu. Nilitandaza karatasi mkekani, nikaishikilia pembe kwa vikombe. Nikamweleza yote, Livingstone, Chuma, kijana wa mawe, mbwa. Alisikiliza kuhusu Chuma kwa makini zaidi. Aliuliza kama aliacha watoto. Kisha akauliza sisi tuko wapi hapo.

Nikachukua punje ya mahindi kutoka kwenye ndoo nikaiweka pale nilipomwonyesha yule mama wa maktaba. Mama akaipangusa majivu, akairudisha, akainama akaitazama ramani kwa muda, akifuata ukingo wa ziwa kwa ukucha.

"Hapo ni majini," akasema. "Umri wangu wote hapo pamekuwa majini." Na kwa kidole kimoja akaisogeza punje, polepole, kuelekea milimani.